Mfalme wa Jumapili

Mtaani kwao vinyozi walikuwa wengi, na ukitaka kunyolewa tu uliweza kwenda kwa yeyote. Lakini ukitaka kujua pa kwenda siku ya mapumziko, ulikwenda kwa Ratiba. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na marafiki, kwa sababu hakuna Jumapili iliyowahi kumkuta hajui atafanya nini.

Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kimoja cha kuzunguka na kingine kilichokwishakataa kuzunguka, kioo kirefu kilichoingia ukungu pembeni, na ukanda wa ngozi wa kunolea wembe uliotundikwa msumarini. Vijana walitaka mashine. Wazee, na wanaume wanaojipenda, walitaka wembe, na kwa wembe Ratiba hakuwa na mpinzani. Akishapaka povu, aliuliza swali lake: "Jumapili ulikwenda wapi, mzee?" Mtu aliyefunikwa shuka mpaka shingoni, makali ya wembe yakiwa kooni, hana haja ya kusema uongo. Kwa njia hiyo alipata kujua kwamba ukisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu nyuma ya kiwanja cha ndege, ndege zinakupita kichwani mpaka unaona matairi. Alijua bustani wanakokwenda maharusi kupigwa picha, na kwamba mpiga picha huwapanga na kuwafokea kama watoto wa shule. Alijua stesheni unakofanyika mnada wa mizigo iliyosahauliwa, ambapo mtu hununua sanduku bila kulifungua kisha hulifungua mbele za watu. Vyote hivyo aliviweka kichwani, na ikifika Jumapili alivitoa kimoja kimoja kama mtu anayegawa karata.

Alikuwa na sababu yake. Baba yake alikuwa mpakua mizigo aliyejisifu kwamba hajui mapumziko, akafia ghalani, gunia bado liko begani. Ratiba alikuwa kijana, akaapa kwamba yeye hatakufa bila kucheka. Simlaumu kwa hilo. Furaha si dhambi, na mtu asiyejua kupumzika huwachosha na wenzake. Ubaya hauanzi pale mtu anapocheka. Unaanza pale anapokipenda kicheko kuliko anavyompenda anayecheka naye.

Walikuwa wanne, marafiki tangu ujana. Ratiba mwenyewe. Mnofu, muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kuvunja vyombo. Mwalimu, aliyefundisha hesabu shule ya msingi na ambaye utani wake ulitoka huku uso umekauka kama ubao. Na Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mwembamba, mikono imejaa madoa madogo ya moto, aliyependwa na wote watatu kuliko walivyopendana wao kwa wao.

Walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: shida zinabaki nyumbani. Atakayeleta habari za kodi, maradhi au wakwe atawabebea wenzake mifuko siku nzima. Ya pili ilikuwa ya jioni. Kabla ya kuagana walikaa juu ya ukuta wowote, wakaendesha kesi. Aliyefanya la kipuuzi kuliko wote siku hiyo alitawazwa kuwa Mfalme wa Jumapili. Alivikwa kofia nyekundu ya kitoto ambayo Mnofu aliibeba kwenye mfuko wake wa plastiki, akapita nayo barabarani mpaka mlangoni kwake, wenzake wakimwinamia njia nzima.

Mwanzoni ufalme ulizunguka. Mnofu aliupata kwa kukalia nyasi za bustani zilizokuwa zimetoka kumwagiwa maji. Mwalimu aliupata kwa kuiamkia sanamu ya duka la nguo, "Shikamoo mama," na kusubiri kuitikiwa. Kisha kofia ikatua kichwani kwa Cheche, na ikawa haitoki.

Cheche aliomba radhi kwa nguzo. Alimimina chai kando ya kikombe, taratibu, kwa adabu, huku akiendelea na mazungumzo. Kule bustani ya maharusi alipita katikati ya bwana harusi na bibi harusi, akakanyaga gauni, akaendelea na safari yake kama vile hakuna mtu. Mpiga picha alitukana. Mnofu ilibidi akae chini.

"Cheche, wewe ni kiboko!" alisema huku akifuta machozi. "Umewapita kama vile umeingia sokoni!"

"Mshitakiwa una la kujitetea?" Mwalimu aliuliza jioni ile, juu ya ukuta.

"Bibi harusi mwenyewe hajalalamika," Cheche alijibu. "Pengine alikuwa anatafuta mtu wa kumwokoa."

Wakacheka mpaka wapita njia wakacheka nao. Kofia akavikwa yeye.

Ukweli ni kwamba macho ya Cheche yalikuwa yanakufa. Mwenyewe alijua haoni sawasawa, ila aliyachukua kama mvi. Fundi aliyemfunza kazi alimaliza maisha yake juu ya kigoda, akielekeza kwa kidole kitu ambacho hakukiona, na Cheche aliamini kwamba huo ndio mshahara wa mwisho wa kila mchomeleaji, hauna dawa. Tena aliogopa. Nani atampelekea kazi ya geti fundi asiyeona? Hivyo alipojigonga na watu wakacheka, alicheka kwanza yeye. Heri kuchekwa kama mchekeshaji kuliko kuhurumiwa kama kipofu. Siwezi kusema ilikuwa busara, ila naielewa.

Alichokuwa hakijui Cheche, Ratiba alikuja kukijua kabla ya mvua kuanza.

Siku hiyo kitini alikaa daktari wa macho wa hospitali kubwa, mteja wa wembe.

"Jumapili ulikwenda wapi, daktari?"

"Nililala," daktari alisema. "Wiki nzima nimewaangalia watu waliochelewa. Inachosha zaidi ya kazi."

"Waliochelewa wapi?"

"Kuja. Kuna ugonjwa tunaouita presha ya macho. Hauumi, hauwashi. Unaanza kula pembeni. Mtu anaona mbele yake vizuri tu, gazeti atakusomea, lakini aliyekaa ubavuni kwake hamwoni. Anagonga milango, anamwaga chai, anakanyaga watoto. Na nyumbani wanamcheka."

Wembe ukasimama shavuni.

"Na dawa?"

"Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ndicho tunachokizuia, kwa matone, asubuhi na jioni. Akija mapema atazeeka na macho yake. Asipokuja, anabaki gizani." Daktari alimtazama kwenye kioo. "Kwani una mtu?"

"Hapana," Ratiba alisema. "Nauliza tu."

Jumamosi Cheche alikuja kunyolewa, kama kawaida yake kabla ya kutoka. Alijilaza kitini akafumbua macho akitazama dari. Ratiba alikunjua wembe, akauleta polepole kutoka upande wa sikio la kushoto mpaka karibu na jicho. Kila mtu aliyewahi kukaa katika kiti kile alipepesa jicho chuma kilipofika pale. Cheche hakupepesa. Aliendelea kueleza habari za geti la ghala alilokuwa akilitengeneza. Ratiba akahamia kulia. Hakupepesa. Akauleta wembe mbele ya pua.

"Ee bwana!" Cheche alishtuka. "Unaninyoa au unanipima?"

"Nakunyoa, nakunyoa. Tulia."

"Haya. Kesho wapi?"

Neno lilikuwa limefika ulimini. Kibandani hapakuwa na mteja mwingine, mlango ulikuwa umerudishwa kwa sababu ya vumbi. Pasingepatikana nafasi nzuri kuliko ile.

"Kesho kuna gurudumu," Ratiba alisema. "Lile kubwa la kupanda watu. Wamelifunga kwenye uwanja wa maonyesho."

"Safi sana. Mimi wiki nzima naingoja siku hiyo moja. Zilizobaki ni moshi mtupu."

Ratiba akalimeza lile neno pamoja na mate.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane aliyeshona sare za shule sebuleni. Usiku ule hakuweza kula, na dada yake alizima cherehani akamtaka aseme. Akasema yote.

"Mwambie," dada alisema.

"Nitamwambia Jumatatu."

"Kwa nini si kesho?"

"Kesho ni Jumapili, dada. Unajua sheria yetu."

"Macho yake yanajua kwamba kesho ni Jumapili?"

Ratiba alikasirika, akasema wanawake hawaelewi urafiki wa wanaume. Dada yake aliwasha tena cherehani, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuondoka bila kuinuka.

Kwenye gurudumu, Cheche alikaribia kiti kabla hakijasimama, akakikosa, akataka kukalia hewa. Mhudumu alimdaka kwapani. Cheche aliinama kuishukuru hadhira, na mstari mzima wa watu ukapiga makofi. Mnofu na Mwalimu walipanda kiti cha mbele. Ratiba alikaa na Cheche. Gurudumu lilipofika juu kabisa likasimama, na mji ukawa chini yao wote, mabati, miti, mabomba ya moshi, na barabara zikipitana. Huko juu hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

"Mji mzuri huu," Cheche alisema.

"Unaiona shule yetu?" Ratiba alinyoosha mkono upande wa kushoto, mbele kabisa ya kifua cha mwenzake.

"Naiona," Cheche alisema, akitazama kulia.

Hapo ndipo mtu mwingine angemshika bega rafiki yake. Ratiba alicheka. Alicheka kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango kwa teke, na jioni walipokaa ukutani ni yeye aliyesimama kutoa ushahidi. "Waheshimiwa, nimemwonyesha shule iko kule, mtukufu mfalme akaitazama huku! Akaniambia anaiona!" Mnofu aligaragara. Cheche alivaa kofia mwenyewe, hakungoja kuvikwa.

Jumatatu ikafika na sababu zake. Cheche alikuwa amepata kazi ya mageti ya ghala lote, haifai kumtia hofu sasa. Jumatatu iliyofuata Ratiba alijiambia kwamba mtu mzima ndiye anayejua macho yake. Ya baadaye alijiambia kwamba daktari yule alikuwa anapiga soga tu, na kinyozi si mganga. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ilikuwa na miguu. Uongo unaomwangusha mtu ni ule unaoweza kusimama. Na chini ya sababu zote ilikuwepo moja ambayo hakuitamka hata kimoyomoyo: Cheche akiambiwa, kicheko kitakwisha, na bila kicheko cha Cheche, Jumapili ingebaki watu watatu wazima waliochoka wakitazama ndege.

Kisha alikuja shemeji.

Mke wa Cheche alifanya usafi katika jengo la ofisi, na siku hiyo alipitia kibandani akiwa bado na gauni la kazi, ndoo tupu mkononi. Hakukaa.

"Shemeji," alisema, "nyinyi ndio mnaotembea naye. Huko mnakokwenda, mwenzenu anaona?"

Kitini alikuwapo mteja, na wengine wawili kwenye benchi. Wote walinyanyua nyuso.

"Anaona hata tusivyoviona sisi!" Ratiba alisema, na benchi likacheka.

"Sitanii, shemeji. Jana nimempa sahani, kashika hewa. Watoto wameacha kukaa upande wake, anawakanyaga. Nikimuuliza ananiambia ni uchovu."

"Anakutania huyo. Hujui kwamba umeolewa na mfalme?"

Mwanamke alimtazama kwa muda. Alikuwa akimtafuta kwenye uso wake mtu wa kumwamini, na kwa bahati mbaya alimpata.

"Basi kama wewe unasema," alisema. "Maana wewe huwezi kunificha."

Akaondoka na ndoo yake. Na kwa kuwa alimwamini, aliacha kuuliza. Kuna uongo unaodumu muda wa kuusema tu. Huu uliingia nyumba ya watu, ukakaa huko msimu mzima wa mvua, ukimwambia mke kwamba mumewe ni mzima.

Mvua ilipokatika, Ratiba alipata jambo jipya. Mlinzi wa uwanja wa mpira alikuwa mteja wake, akakubali kuwafungulia Jumapili isiyo na mechi. Ulikuwa mchezo mzuri kweli, sikatai. Uwanja mzima mtupu, wao wanne tu. Mwalimu alikimbia mbio za mita mia akiwa amevaa viatu vya ngozi. Mnofu alifunga bao bila kipa, akashangilia mpaka akaishiwa pumzi. Kisha wakapanda jukwaani, juu kabisa, ili wapige kelele na kusikia sauti zao zikiwarudia.

"Shuka, mfalme, uwahutubie wananchi!" Mnofu, aliyekuwa ametangulia kushuka, aliita kutoka chini.

Cheche alianza kushuka ngazi za saruji akipunga mkono huku na huku kwa umati ambao haukuwapo. Kati ya jukwaa moja na jingine palikuwa na njia ya kupita, yenye kina cha urefu wa mtu, bila reli. Ilikuwa upande wake wa kushoto. Aligeuka kupungia upande huo, akaiingia kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Mnofu alicheka. Mwalimu alicheka. Naye Ratiba, aliyekuwa karibu kuliko wote na aliyejua kuliko wote, alicheka kabla hajafikiri, kwa sababu ndivyo alivyoizoesha nafsi yake. Mnofu alikuja mbio akitoa kofia mfukoni, akaitupa chini kule shimoni.

"Leo kesi haipo! Vaa kabisa!"

Kofia ilimwangukia Cheche kifuani, na Cheche hakuiondoa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala chini yake kwa namna ambayo mkono haulali.

"Inuka basi," Mnofu alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua.

Hospitali walifunga mkono. Daktari wa mifupa alitaka kujua ilikuwaje mtu mzima akadumbukia shimoni mchana kweupe, hajalewa, na jibu la Cheche kwamba "niliteleza" halikumridhisha. Alimulika macho yake kwa tochi ndogo, akaandika apelekwe kliniki ya macho asubuhi yake.

Walikwenda watatu, Cheche, mkewe na Ratiba aliyemshika mkono ulio mzima. Chumba kilikuwa chembamba, chenye mashine ya kuwekea kidevu na kabati la chuma lililopakwa rangi nyeupe. Ratiba alibaki nyuma, kando ya mlango, na daktari wa macho alipima muda mrefu. Alizima taa, akawasha, akazima tena. Mwishowe alikaa.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema. "La kulia limebaki tundu, kama unavyochungulia kwenye tundu la ufunguo. Hilo tutapigana nalo kwa matone, sitakudanganya kwamba tutashinda. Kuchomelea, basi."

"Ni moto wa kazi," Cheche alisema kwa upole, kama anayemtuliza daktari. "Wote tunaishia hivi."

"Si moto, mzee. Ni presha ya macho. Ungekuja kabla ya mvua, ungekuwa na macho mawili ya kufanyia kazi mpaka uzeeke."

"Kabla ya mvua?" mkewe aliuliza. "Kwani ugonjwa huu ulikuwa unatibika?"

"Kuuzuia, ndiyo. Kwa matone tu." Daktari aligeuka aandike dawa, akamwona mtu aliyesimama kando ya mlango. Uso wake ulichangamka, kwa maana hakuwa na ubaya na mtu. "Kumbe ni wewe, kinyozi! Basi si ndiyo ile niliyokueleza siku ile kitini? Ukaniambia huna mtu."

"Siku ipi?" mkewe Cheche aliuliza.

Daktari alitambua kwamba amekanyaga pabaya, lakini neno lilikwishatoka. "Mwanzo wa mwaka," alisema. "Kabla ya mvua."

Mwanamke hakupiga kelele. Alisema tu, "Shemeji, nilikuja kibandani kwako," akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Cheche aligeuza uso kumtafuta Ratiba. Hakuugeuza vya kutosha. Alilitazama kabati la chuma kwa muda mrefu, na wote watatu walimwona akilitazama, na hakuna aliyemrekebisha.

Karakana ilichukuliwa na mdogo wake Cheche. Mkono ulipopona, alimpa kaka yake kazi anayoiweza, kulainisha pembe za chuma kwa tupa na msasa, na Cheche aliifanya kwa vidole, akipapasa kila ukingo kama mtu anayesoma. Mnofu alikwenda kumwona, akalia kwa sauti ileile aliyokuwa akicheka nayo.

"Mimi sikujua, ndugu yangu. Wallahi sikujua."

"Wewe hukujua," Cheche alisema, na akampa mkono. Mwalimu naye alikwenda, akakaa saa nzima akisaidia kusugua vyuma.

Ratiba alikwenda mwisho. Alisimama mbele ya kigoda, mahali ambapo tundu lile dogo lingempata.

"Nilitaka tufurahi," alisema.

"Tulifurahi," Cheche alisema. Tupa haikusimama. "Sikulaumu kwa kucheka. Mimi ndiye niliyewachekesha. Ningeacha, mngeacha."

"Sasa..."

"Mimi nilijua kwamba sioni. Sikujua kwamba kuna dawa. Wewe ulijua vyote viwili." Alipuliza vumbi la chuma, akapapasa ukingo kwa kidole gumba. "Jumapili shida zinabaki nyumbani, sawa, tulikubaliana. Wiki ina siku ngapi, Ratiba?"

Hakuna jibu la swali lile ambalo halimhukumu anayelitoa.

"Nenda, nina kazi," Cheche alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu hasira huwa ina mlango wa kurudia.

Baada ya hapo wale wanne hawakutoka tena pamoja. Mnofu alisema Jumapili nyama zinauzika, afadhali afungue. Mwalimu alisema ana madaftari ya kusahihisha. Ratiba aliendelea na wembe. Mkono wake haukuharibika, wateja hawakupungua, na kuna watu mtaani mpaka leo wanaomwona mtu mwema aliyepatwa na bahati mbaya. Mimi siiiti bahati. Bahati haisemi "nauliza tu."

Mteja mmoja alimwambia kwamba bendi ya matarumbeta imeanza kupiga katika bustani ya manispaa, bure, kila Jumapili alasiri. Ratiba alielewa mara moja kwamba hilo ni jambo la masikio. Alikwenda mpaka nyumbani kwa Cheche. Shemeji alifungua mlango nusu, akasikiliza habari yote ya bendi, wanapiga wapi na kuanzia saa ngapi.

"Nani?" sauti ya Cheche iliuliza kutoka ndani.

"Kinyozi," mkewe alijibu. Hakusema shemeji. "Anasema kuna muziki bustanini."

"Mwambie nimesikia."

Mlango ukafungwa. Ratiba hakujua kama hilo ni jibu au ni mwisho wa maneno. Jumapili alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda mapema, akakalia ncha ya benchi moja refu huku akiwawekea wenzake nafasi kwa kofia yake na gazeti.

Cheche alikuja. Alikuja ameshikwa mkono na mkewe, watoto wakitangulia, na wakakaa benchi jingine, upande wa pili wa njia. Bendi ilianza. Cheche aliinamisha kichwa, mguu wake ukaanza kupiga chini taratibu. Mpiga ngoma kubwa alikosea, akaingia peke yake wakati wenzake wamenyamaza, na Cheche alicheka, kicheko chenyewe kile, kisichokuwa cha kujificha.

Ratiba aliinuka, akavuka njia. Alifika kando ya benchi lao upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega. Cheche hakugeuka, hakuwa na cha kumgeuza. Mkewe ndiye aliyeinua macho. Alimtazama kinyozi aliyesimama pale mikono imening'inia, hakumkaribisha na hakumfukuza. Kisha akarudisha uso wake kwenye bendi, na hakumwambia mumewe kuna nani.

Ratiba alisimama mpaka wimbo ukaisha. Watu walipoanza kupiga makofi, na Cheche naye akipiga kwa mkono mmoja juu ya paja, wa pili ukiwa umeshikwa na mkewe, aliondoka.